Kanada, Australia na Brazil ni mataifa kamili kwenye gemu la Civ, Nigeria na Tanzania hazimo. Kigezo ni nini hasa?

#1 MzeeWaZamu

Wakuu, salaam.

Civilization (Civ), gemu la kompyuta la kujenga taifa kwa zamu, toleo la kwanza lilitoka 1991 likiwa na mataifa 14. Warumi wamo, Wababeli wamo, Wamisri wamo, Wazulu wamo, na Wamarekani nao wamo. Lincoln anaamka mwaka 4000 KK, anasimika Washington jirani na Babeli, maisha yanaendelea. Tulimezea kwa kuwa waliotengeneza gemu ni Wamarekani wenyewe.

Lakini orodha imezidi kurefuka. Brazil (uhuru 1822) iliingia Civ V kwa nyongeza ya 2013, na kwenye Civ VI ikawemo tangu siku ya kwanza mwaka 2016. Australia (shirikisho 1901) ikaja 2017. Kanada (1867) ikaja 2019. Mwaka 2020 wakaleta Gran Colombia, dola lililoishi kuanzia 1819 hadi 1831 likasambaratika. Miaka 12!

Sasa swali. Nchi zilizozaliwa na ukoloni zinahesabika au hazihesabiki? Kama zinahesabika, mbona hesabu inakomea Amerika na Australia? Kama hazihesabiki, Kanada inafanya nini pale?

Karibuni, ila mje na hoja. Matusi pelekeni kule kwenye mpira.

#2 Dada_Heksagoni

Soko. Wanunuzi wa gemu wapo Kanada, Australia na Brazil. Uzi ufungwe.

#3 kobe_la_pwani

#2 soko peke yake halitoshi, dada. Ndani ya Civ VI hiyohiyo wamo Kongo ya Mvemba a Nzinga, Nubia ya Amanitore, Wacree, Wamapuche, Georgia. Nani alipiga hesabu ya mauzo ya Nubia? Na Mexico, nchi yenye watu zaidi ya milioni 120, ilikaa kama mji-dola tu (mji mmoja unaoendeshwa na kompyuta, mchezaji hauchagui) hadi Civ VII ya 2025 ndipo ikapewa hadhi ya taifa. Tena nafasi yenyewe iliipata kwa mgongo wa Kanada: Kanada ilipoingia 2019, mji-dola wa Toronto uliondolewa na Mexico City ikawekwa badala yake.

#4 FundiModi

Anayeunda taifa la Civ VI hakai kujiuliza nani ana hadhi na nani hana. Ana nafasi za kujaza, na zisipojaa taifa halitoki. Anahitaji:

Kiongozi mwenye uwezo wake binafsi, aliyekufa, anayetambulika kwa sura, na wa kumpatia msemaji wa lugha yake. Uwezo wa taifa. Kikosi cha pekee kimoja. Jengo, wilaya au uboreshaji wa ardhi wa pekee. Orodha ya miji isiyopungua ishirini hivi, maana ramani kubwa inakula majina. Upendeleo wa mahali pa kuanzia. Na wimbo wa kuanzia enzi ya mawe hadi ya atomiki.

Tatizo la nchi changa ni saa. Kwa kasi ya kawaida mchezo ni zamu 500, lakini mchezaji anayejua kazi anamaliza kwa sayansi zamu ya 200 na ushei. Kikosi chako cha pekee kikifunguka enzi ya atomiki, hutakitumia. Wanaocheza Marekani wanaijua hii: ndege yao ya vita P-51 Mustang inakuja wakati mechi imeshaamuliwa.

Angalieni jinsi walivyolikwepa kwa nchi changa zote: walitumia ARDHI badala ya historia. Brazil inapata +1 ya ujirani kwa kila kigae (kipande cha ramani) cha msitu wa mvua kilicho jirani na wilaya zake za Kampasi, Kitovu cha Biashara, Eneo Takatifu na Uwanja wa Maonyesho. Australia inapata nafasi 3 za makazi zaidi kwenye miji ya pwani, na wilaya zake zinapanda kwa uzuri wa mandhari. Kanada inalima tundra na inanunua vigae vya theluji na tundra kwa nusu bei. Roosevelt wa Marekani anapata nguvu +5 za mapigano kwenye bara lake la nyumbani. Hizo zote zinafanya kazi kuanzia zamu za mwanzo, hata kama nchi yenyewe ilizaliwa juzi.

Kwa hiyo kigezo, kwa macho ya fundi, ni kama una kitu cha kufanya kabla ya zamu ya 100.

#5 Zamu500

#4 umeeleza vizuri, ila umejifungia mlango mwenyewe. Kama ardhi inatosha, Tanzania ina maziwa matatu makubwa, mlima mrefu kuliko yote Afrika, mwambao na Bonde la Ufa. Kongo-Kinshasa ina msitu wa mvua mkubwa wa pili duniani. Ardhi si kikwazo.

Kikwazo ni kiongozi. Firaxis, watengenezaji wa Civ, hawataki viongozi wa juzi ambao wajukuu wao bado wanagombea ubunge.

#6 mwana_ramani

#5 hapo umenoa. Haile Selassie alifariki 1975, na aliongoza Ethiopia kwenye Civ V kwa nyongeza ya 2012. Mao alifariki 1976, alikuwemo kwenye Civ IV ya 2005, na tangu ile ya 1991 alikuwemo. Kwame Nkrumah alifariki 1972, kabla ya wote wawili. Kwa kalenda, Nkrumah anafaa kuliko Haile Selassie.

#7 Zamu500

Tangu Civ IV, Mao hajarudi na Stalin hajarudi. Civ V ikampa Uchina Wu Zetian, VI ikaanza na Qin Shi Huang, VII imemleta Confucius. Mwelekeo unaonekana wazi. Na Haile Selassie alipita kwa sababu nyuma yake kuna ufalme wa karne nyingi. Nkrumah nyuma yake kuna Gold Coast ya gavana wa Kiingereza.

#8 mwana_ramani

Na nyuma ya John Curtin wa Australia kuna nini, Wafarao? Kawa waziri mkuu 1941 hadi 1945.

#9 kinyozi_wa_gandhi

Mnasahau Gandhi. Hakuwahi kushika serikali hata siku moja, yumo tangu 1991, na anaongoza India kuanzia enzi ya mawe. Halafu ile hitilafu yake: uchokozi wake ulikuwa 1, akiingia demokrasia unapungua 2, namba inazunguka inakuwa 255, anaanza kumwaga nyuklia. Haha.

#10 Dada_Heksagoni

#9 hiyo ya 255 ni hadithi ya mtandaoni. Sid Meier mwenyewe aliikana kwenye kumbukumbu zake za maisha alizochapisha 2020. Hiyo hitilafu haikuwepo kwenye gemu la 1991. Kitu cha kweli ni cha baadaye: Civ V walimwekea makusudi kiwango cha 12 cha kupenda kutumia nyuklia, wakati kipimo cha kawaida kinaishia 10. Utani wa watengenezaji ule.

#11 kinyozi_wa_gandhi

Mimi bado nikimwona jirani najenga mahandaki.

#12 Nyanza_Kaskazini

Mbona hamgusi Civ VII? Ilitoka Februari 2025 na imebadilisha swali zima. Mchezo umegawanywa enzi tatu: Kale, Uvumbuzi, Kisasa. Ilipotoka, ulicheza taifa moja kwa kila enzi, enzi ikiisha unabadili. Marekani na Mexico zimewekwa enzi ya Kisasa peke yake. Kwa hiyo ile ya Lincoln kuishi na Babeli imekwisha. Kiongozi naye hafungwi na taifa: José Rizal yumo, Harriet Tubman yumo, na hakuna kati yao aliyewahi kuwa rais wala mfalme.

Na enzi hiyohiyo ya Kisasa ndiyo iliyoileta Buganda. Na mambo yake halisi wameyaweka: jengo la maajabu ni Muzibu Azaala Mpanga, ile nyumba kubwa ya makaburi ya Kasubi iliyoungua Machi 2010, na uboreshaji wa ardhi ni Ziwa la Kabaka, lile lililochimbwa Mengo zama za Mwanga II.

#13 kobe_la_pwani

#12 na utueleze pia jinsi ya kuifikia hiyo Buganda. Njia inayopendekezwa kama ya "kihistoria" ni Misri au Aksum, kisha Songhai, kisha Buganda. Kutoka Gao kwenye mto Niger mpaka Mengo ni zaidi ya kilomita 3,000. Songhai walifika Kampala kwa basi gani?

#14 Nyanza_Kaskazini

Hiyo siitetei. Lakini angalia kinachofuata. Enzi ya Kisasa ya Civ VII inaishia maeneo ya 1950. Ghana ni 1957, Nigeria 1960, Tanganyika 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Zote zinaanguka nje ya kalenda. Nchi zilizotoka kwenye ukoloni karne ya 18 na 19 zimo, za karne ya 20 hazimo, kwa sababu saa ya gemu inasimama kabla bendera zao hazijapanda. Victoria 3, gemu jingine la dola, ni hivyohivyo: 1836 hadi 1936. Haiti imo tangu mwanzo wa mchezo kwa kuwa ilijikomboa 1804. Kenya ya ndani ya muda huo ni koloni la mtu.

#15 MzeeWaZamu

#14 hiyo ni hoja nzito, nimeipenda. Lakini nani alichagua saa isimame pale? Civ VI ilifika mpaka roboti wakubwa wa kivita na vituo vya Mirihi. Muda wa kuiweka Nigeria ulikuwepo tele.

#16 bwana_nodi

Nyie wa Civ mna shida ya orodha. Njooni upande wa Europa Universalis IV (EU4, gemu la dola linaloanzia 1444 hadi 1821) muone jambo hili likiwa limeandikwa kwenye kanuni za mchezo.

Kule taifa linalotokana na ukoloni linazaliwa lenyewe. Nchi ya Ulaya ikishakuwa na majimbo matano yaliyokamilika ndani ya eneo moja la kikoloni, linaundwa taifa la kikoloni chini yake, lenye kiongozi wake, jeshi lake na "hamu ya uhuru". Hamu ikifika asilimia 50 linakuwa kaidi na linaweza kutangaza vita vya uhuru. Likishinda, linaweza kuunda Marekani, Brazil, Mexico na kadhalika.

Sasa fungua ramani ya maeneo ya kikoloni. Amerika yote imo. Australia imo. Afrika HAKUNA. Ukiteka majimbo Mombasa au Kilwa unayaingiza kwenye kampuni ya biashara, mfumo ulioletwa na nyongeza ya 2014, na kampuni ya biashara haina hamu ya uhuru. Inapeleka nguvu ya biashara kwenye nodi (kituo cha biashara) ya Zanzibar na ndiyo mwisho wake. Kwa hiyo ndani ya EU4 koloni la Afrika haliwezi kuzaa taifa hata ukisubiri miaka mia tatu. Wenyeji wanaweza kuasi na kurudisha Kilwa ileile ya zamani, basi.

Hii ndiyo tafsiri ya watengenezaji: walowezi wakihamia wengi wanazaa taifa jipya, wakitawala wachache yanarudi ya zamani. Ndiyo maana kwenye Civ Afrika inawakilishwa na Kongo, Mali, Zulu na Songhai, na Amerika inawakilishwa pia na nchi mpya.

#17 mwana_ramani

#16 nakubali kwa Afrika, ila Asia inakukataa. Civ V ina taifa linaitwa Indonesia, jina la dola lililotangazwa 1945. Kiongozi ni Gajah Mada wa Majapahit, karne ya 14. Mji mkuu ni Jakarta. Hapo walichukua nchi ya baada ya ukoloni wakaivika kichwa cha zamani. India ni hivyohivyo. Kwa nini wasifanye Ghana kwa njia hiyo?

#18 FundiModi

#17 kwa sababu majina ya Afrika yamehama. Ghana ya 1957 ilichukua jina la himaya iliyokuwa kaskazini kabisa, Mauritania na Mali za leo. Dahomey ikajiita Benin mwaka 1975, wakati ufalme wa Benin uko Nigeria. Ukiunda taifa la "Benin", orodha ya miji inaanza na Cotonou au inaanza na Benin City? Mchezaji wa Lagos atakusubiri kwenye maoni. Mali jina na ardhi vinashabihiana, na ndiyo maana imetumika Civ IV na Civ VI bila kelele.

#19 heri_ya_mwambao

Humankind, gemu jingine la zamu kama Civ, imeshafanya mnachokililia, na hakuna aliyeitaja mpaka sasa. Kifurushi cha tamaduni za Afrika cha Januari 2022 kina sita: Wabantu enzi ya kale, Wagaramante, WASWAHILI enzi ya kati, Wamasai, Waethiopia enzi ya viwanda, na WANIGERIA enzi ya sasa. Kikosi cha pekee cha Waswahili ni mtepe. Kifurushi cha Amerika ya Kilatini kikaleta Waajentina na Wakyuba, kingine kikaleta Wasingapuri. Nigeria ya 1960 na Singapore ya 1965, zote utamaduni kamili.

Kanuni zake: unahitaji nyota 7 za enzi ili kusogea mbele, na utamaduni mmoja anauchukua mchezaji mmoja tu, anayewahi. Ukibaki na wa zamani unapata asilimia 10 zaidi ya umaarufu. Hapo ndipo panapouma: hadi unafika enzi ya sita, mwenye akili keshabaki na utamaduni wake au mechi iko ukingoni. Nigeria ipo kwenye menyu, ila ni wachache wanaofika kuila.

#20 Dada_Heksagoni

Ndiyo yaleyale ya #4 kuhusu P-51. Nchi changa inapewa kiti wakati wageni wanaaga.

#21 kobe_la_pwani

Tukija kwetu, Civ VI imetutendea hivi. Kilwa Kisiwani ni jengo la maajabu: unalijenga kwenye kigae tambarare kando ya pwani baada ya kupata teknolojia ya Mashine, linakupa wajumbe 3, na ukiwa msimamizi wa mji-dola (mwenye wajumbe wengi kuliko wote pale) linaongeza asilimia 15 ya mazao ya aina ya mji-dola huo. Zanzibar ni mji-dola wa biashara: msimamizi wake anapata mdalasini na karafuu, kila kimoja pointi 6 za starehe, na huwezi kuvipata kwingine kokote. Yaani Mswidi anaweza kujenga Kilwa, Mjerumani anaweza kula karafuu za Zanzibar, lakini Mswahili mwenyewe huwezi kumcheza.

Na hapo sijagusa Civ IV. Menyu ikifunguka unapokewa na "Baba Yetu", sala ya Bwana kwa Kiswahili, utunzi wa Christopher Tin, wimbo wa kwanza wa gemu kupata Grammy (2011). Kiswahili kinafungua mlango, halafu ndani hayumo.

#22 Zamu500

Mlinzi wa geti.

#23 mtaalamu_wa_bunduki

Age of Empires III, gemu jingine la vita, imelijibu kwa njia yake. Nyongeza ya 2006 ilileta mapinduzi: badala ya kupanda enzi ya mwisho, unamwasi mfalme wako wa Ulaya na kuwa Brazil, Haiti, Colombia, Chile na wengine. Bei yake ni kali. Walowezi wako wote wanageuka wanamgambo na hufundishi wengine kwa kawaida, kwa hiyo uchumi unakufa papo hapo. Ukifanya mapinduzi bila akiba ya chakula na sarafu, na bila jeshi la kumaliza kazi ndani ya dakika chache, umejiua mwenyewe. Kwenye toleo jipya Marekani na Mexico zikawa mataifa kamili mwaka 2021. Mwaka huohuo wakaja Waethiopia na Wahausa, wenye rasilimali yao ya ushawishi, wanaopanda enzi kwa kufunga urafiki na falme nyingine za Afrika.

Nchi changa pale inaingia kama TUKIO. Inazaliwa katikati ya mechi kwa gharama, haianzi nayo. Mimi naona ndiyo namna sahihi.

#24 bwana_nodi

#23 tukio ndiyo, ila angalia orodha ya wanaozaliwa. Bado ni Amerika kwa wingi. Tumerudi kwenye #16.

#25 Nyanza_Kaskazini

Lakini Buganda inavuruga nadharia yenu ya "ya zamani" na "mapya". Falme zilifutwa Uganda kwa katiba ya 1967, Buganda ikarudishwa 1993, na Kabaka yupo leo ndani ya jamhuri. Ukiicheza unacheza ya zamani au ya leo? Wao wameiweka enzi moja na Marekani. Mimi nasema wameiweka pale kwa sababu ilikuwa na jeshi la mitumbwi, barabara na ikulu wakati huo, basi, hawakupiga hesabu ya ukoloni hata kidogo.

#26 MzeeWaZamu

FundiModi, hebu tutoke kwenye nadharia. Nikitaka Tanzania kwenye Civ VI, ninaanzia wapi?

#27 FundiModi

Kwa ufupi, bila picha za kiongozi zenye mwendo (hizo ni kazi ya watu wengine kabisa, tumia picha tuli).

Unahitaji hifadhidata mbili. Ya kwanza ni ya menyu: hapo unajaza jedwali la Players na PlayerItems. Ya pili ni ya ndani ya mchezo: Types, Civilizations, Leaders, CivilizationLeaders, Traits na viambatisho vyake, CityNames, na majedwali ya mahali pa kuanzia. Maandishi yote yanaingia LocalizedText, nayo unayapakia MARA MBILI, menyu na ndani ya mchezo. Ukisahau upande wa menyu utaona LOC_CIVILIZATION_TANZANIA_NAME badala ya jina.

Kosa linalowakuta wengi: modi (nyongeza ya kujitengenezea) inawashwa, hakuna onyo, lakini taifa halionekani kwenye orodha. Nenda kwenye Domain ya jedwali la Players. Usipoandika kitu, taifa linakwenda kwenye kanuni za msingi peke yake. Anayecheza na Gathering Storm (nyongeza ya pili ya Civ VI) halioni mpaka uongeze safu ya Players:Expansion2_Players. Kosa la pili ni kutumia Type ambayo hukuisajili kwenye Types. Hilo linaangusha faili nzima, si mstari mmoja. Fungua Database.log kwenye folda ya Logs, tafuta neno "FOREIGN KEY", utaonyeshwa.

Upendeleo wa mahali pa kuanzia una daraja 1 hadi 5, na 1 ndiyo kali zaidi. Usiweke pwani daraja 1 na mito daraja 1 kwa pamoja.

Sasa maudhui. Bonasi ya mapema weka kwenye pwani na maziwa. Kikosi weka roketi za BM-21, zile ambazo Waganda waliziita Saba Saba kwenye vita vya 1978-79. Usizifanye mbadala wa mizinga ya roketi ya enzi ya habari, hutazitumia. Zifanye mbadala wa mizinga ya kawaida inayofunguka kwa teknolojia ya Chuma cha Pua, uzipe masafa 3 badala ya 2 na upunguze nguvu kidogo. Uboreshaji: kijiji cha Ujamaa, chakula +1, na +1 nyingine kwa kila mashamba mawili ya jirani.

#28 Zamu500

Na ukiweka kijiji cha Ujamaa weka na Operesheni Vijiji ya 1973-76: raia wanahamishwa kigae kwa nguvu na uaminifu wa mji unashuka kwa zamu 10. Usitupe bonasi tupu.

#29 mwana_ramani

TAZARA je? Kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, 1970 hadi 1975. Reli kwenye Gathering Storm inakula chuma 1 na makaa 1 kwa kila kigae. Tanzania ijenge bure.

#30 FundiModi

#29 gharama hiyo imeandikwa kwenye jedwali la njia, si kwenye taifa. Ukiifuta, umewafutia wachezaji wote. Njia nyepesi ni kuwapa Tanzania chuma 1 na makaa 1 vya ziada kila zamu, matokeo ni yaleyale.

#28 ya uaminifu inawezekana, ila AI (mchezaji wa kompyuta) itajenga kijiji kila mahali na kujiangamiza. AI haisomi onyo.

#31 heri_ya_mwambao

Kwa asiye na Civ VI: Freeciv, gemu la mtindo wa Civ, ni ya bure na ina mataifa zaidi ya 500, ya kisasa ya Afrika yakiwemo. Taifa ni faili moja ya maandishi: jina, wingi wake, makundi, viongozi na jinsia zao, bendera, mtindo wa miji, orodha ya miji. Kwenye mji unaweza kuweka mabano ya ardhi, kwa mfano "Tanga (ocean)", ili mji wa bara usiitwe Tanga. Hifadhi kwa UTF-8, halafu usisahau kuongeza mstari wa *include kwenye nationlist.ruleset, vinginevyo faili inakaa tu.

Mataifa yote pale ni sawa kwa nguvu, kwa hiyo ubishi wa nani anahesabika haupo. Ila kuna kitu kitamfurahisha #23: civilwar_nations, orodha ya mataifa yanayozaliwa himaya ikipasuka. Mji mkuu ukitekwa na himaya ikiwa na miji 10 au zaidi (ndiyo chaguo-msingi la civilwarsize), inaweza kupasuka mara mbili, na nusu ya pili inachukua jina kutoka kwenye orodha hiyo. Kila mji wenye ghasia unaongeza asilimia 5 ya uwezekano, kila mji unaosherehekea unapunguza 5. Mwandishi wa faili ndiye anayeamua Uingereza ikipasuka nani anazaliwa. Unaweza kuandika Kenya pale.

#32 bwana_nodi

#31 basi mtu huyo ana madaraka kuliko Firaxis.

#33 MzeeWaZamu

Nimeanza faili ya Freeciv. Miji: Dodoma, Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga, Morogoro, Tabora, Kigoma, Zanzibar...

#34 FundiModi

Ukija kuihamishia Civ VI ondoa Zanzibar. Mji-dola tayari upo, utapata Zanzibar mbili kwenye ramani moja. Ama uuzime kwenye chaguo la miji-dola kila unapoanzisha mechi.

#35 kobe_la_pwani

Kwani Zanzibar ni mji wa Tanzania au ni dola lake lenyewe kwenye mfumo wako?

#36 Dada_Heksagoni

#35 tafadhali. Uzi huu ukigusa hapo unahamishiwa jukwaa la siasa kabla ya saa mbili usiku.

#37 kobe_la_pwani

Nimeuliza kwa ajili ya civilwar_nations tu.